Je, Mpiga Gitaa Huyu Ni Mashoto Kweli? Mwongozo Kamili wa Kusoma Mikono ya Wanamuziki Katika Picha za Kale

Kwa miaka kadhaa ukutani kwangu palining'inia picha niliyoikata kwenye kalenda: kijana wa Ulaya wa zamani amekumbatia luti, ala ya nyuzi ya ukoo wa udi, mkono wa kushoto ukicharaza nyuzi. Mimi ni mashoto. Nilifundishwa gitaa kwa mkono wa kulia kwa sababu aliyenifundisha hakujua njia nyingine, na kila nilipoitazama picha ile nilijisikia nina ndugu aliyenitangulia karne nne. Siku moja nikaona mchoro wa rangi ambao picha yangu ilinakiliwa kutoka kwake. Kijana yuleyule, luti ileile, lakini mkono unaocharaza ni wa kulia. Picha yangu ilikuwa chapa, na chapa ilikuwa imemgeuza.

Iliniuma. Ila tangu siku hiyo nimejifunza kuzihoji picha za namna hii kwa utaratibu, na wapo wanamuziki wa mashoto wa kweli katika michoro ya kale ambao wanapita salama kila swali. Mwongozo huu ni utaratibu wangu. Unahitaji simu au kompyuta, intaneti ya kutosha kufungua picha kubwa, karatasi na kalamu, na kijiti chochote chenye urefu wa gitaa.

Kabla ya yote: kulia kwa nani?

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuchanganya kulia kwake na kulia kwa aliye pichani. Mwanamuziki akikutazama uso kwa uso, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Kwa hiyo mpiga gitaa wa kawaida anayekutazama, shingo ya gitaa inaelekea kulia kwako. Ikielekea kushoto kwako, hapo ndipo kazi inaanza.

Akikupa mgongo, mambo yanageuka. Malaika wa mchoraji Caravaggio katika mchoro wa mapumziko ya safari ya kwenda Misri, uliochorwa miaka ya 1590 na uliopo katika jumba la sanaa la Doria Pamphilj mjini Roma, anapiga fidla akiwa ametupa mgongo wake kwetu. Kulia kwake ni kulia kwetu. Ukisahau hilo utaandika upuuzi.

Dawa yake ni kuinuka kitini. Chukua kijiti, kaa au simama kama aliye pichani, mwili wako uelekee alikoelekea wake, kisha sema kwa sauti: "Mkono wangu wa kulia unafanya nini?" Na usijipige picha kwa kamera ya mbele ya simu, kwa sababu simu nyingi hukuonyesha kama kioo. Mwombe mtu akupige kwa kamera ya nyuma.

Hatua ya 1: Hakikisha unatazama picha yenyewe, haijageuzwa njiani

Picha nyingi zinazozunguka mitandaoni zimegeuzwa na mtu aliyetaka zikae vizuri kwenye ukurasa wake. Nenda kwenye tovuti ya jumba la makumbusho lenye mchoro wenyewe. Andika jina la mchoraji, mwaka, namba ya hifadhi, na hasa umetengenezwa kwa nini: rangi ya mafuta, chapa ya shaba, chapa ya mbao, zulia la ukutani, au picha ya kamera.

Kisha tafuta mashahidi ndani ya picha. Maandishi ndiyo shahidi bora: saini, jina la kitabu, maneno yaliyochorwa kwenye ala. Katika mchoro wa Vermeer wa somo la muziki, wa miaka ya 1660, ulio katika mkusanyo wa kifalme wa Uingereza, mfuniko wa kinanda umeandikwa kwa Kilatini kwamba muziki ni mwenzi wa furaha na dawa ya huzuni. Herufi zinasomeka sawasawa, basi mwelekeo wa picha hauna shaka.

Karatasi ya nota nayo inasema. Ufunguo wa nota hukaa mwanzo wa mistari, upande wa kushoto wa anayesoma. Yule malaika wa Caravaggio anasoma nota alizoshikiwa na Yusufu, na nota hizo ni za kweli kiasi kwamba wataalamu wameutambua wimbo: ni wa mtunzi Noel Bauldewijn. Mchoraji aliyejali nota kiasi hicho nampa uzito zaidi hata kwenye mikono.

Pasipo maandishi, tazama upanga. Mtu anayetumia mkono wa kulia huufunga nyonga ya kushoto. Ukiona chumba kizima wamefunga panga nyonga ya kulia, kioo kimepita hapo.

Hatua ya 2: Uliza picha imepitia mkononi mwa nani

Hapa ndipo kijana wangu wa kalenda alipogeuzwa. Fundi wa chapa huchonga sahani ya shaba au ubao, hupaka wino, hukandamiza karatasi. Kilichokuwa kulia kwenye sahani hutokea kushoto kwenye karatasi. Fundi makini aliweza kuchonga kinyume ili chapa itoke sawa na mchoro, lakini hiyo ni kazi ya ziada na mara nyingi haikufanywa. Kwa hiyo ukikuta mwanamuziki wa mashoto kwenye chapa, usishangilie bado. Tafuta mchoro wa asili.

Kuna ishara ndogo ya kukusaidia. Mchoraji wa mkono wa kulia akijaza kivuli kwa mistari ya haraka, mistari hulala kutoka juu kulia kushuka chini kushoto. Wa mashoto mistari yake hulala kinyume, na ndivyo ilivyo katika michoro ya kalamu ya Leonardo da Vinci, aliyekuwa mashoto bila ubishi na aliyesifika pia kwa kupiga lira da braccio, ala ya upinde iliyotangulia fidla. Chapa ikishageuza, mistari nayo hugeuka. Ishara hii haitoshi peke yake, maana mchongaji huizungusha sahani anavyotaka, lakini ikiungana na nyingine ina nguvu.

Mazulia ya ukutani yana hadithi yake. Wafumaji wengi walifanya kazi upande wa nyuma wa zulia, kielelezo kikiwa chini ya nyuzi, hivyo upande wa mbele ulitoka kinyume cha kielelezo. Raphael alipochora vielelezo vya mazulia ya kanisa la Sistine kuanzia 1515, ilimbidi awaze kinyume. Saba kati ya vielelezo hivyo viko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London hadi leo. Ukifanya uchunguzi kwenye kielelezo cha zulia, jua kwamba unatazama nusu ya safari.

Picha za kamera za mwanzoni nazo, zile zilizopigwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, hutoka kama kioo. Picha maarufu ya Billy the Kid, jambazi wa Marekani, ya karibu 1880 iliwafanya watu kuamini kwa muda mrefu kwamba alikuwa mashoto. Bunduki yake ndiyo iliyomtolea ushahidi: tundu la kuingizia risasi, ambalo kwenye bunduki ya Winchester ya aina ile liko upande wa kulia, pichani linaonekana kushoto. Kanuni hii ya bunduki nimeihamishia kwenye muziki, nayo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tafuta ala isiyogeuzika

Ala ziko za aina mbili. Zipo ambazo mtu anaweza kuzigeuza mkononi, kama gitaa, filimbi, ngoma. Zipo ambazo fundi ameziunda kwa upande mmoja tu. Hizi za pili ni kama ile bunduki. Ukiiona moja popote pichani, hata kama imeegemezwa ukutani nyuma ya watu, ianze hiyo.

Kinanda kirefu cha zamani cha nyuzi za kudonwa, chenye umbo la bawa, kina ubavu mrefu ulionyooka upande wa kushoto wa mpigaji, ziliko nyuzi ndefu za besi, na ubavu uliopinda upande wa kulia. Ukiona mpinda uko kushoto kwa mpigaji, picha imegeuzwa. Usijaribu kuamua kwa kutazama vibao vyeusi na vyeupe peke yake: mpangilio wao unalingana pande zote mbili za noti ya Re, hata ukiuweka kwenye kioo unaonekana karibu uleule.

Vivyo hivyo kwa ile ala ya nyuzi inayosuguliwa na gurudumu la mti, ambayo ombaomba vipofu wengi wa Ulaya wamechorwa nayo. Mpini wa kuzungushia uko upande wa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto hubonyeza vibao. Haigeuziki.

Hatua ya 4: Soma nyuzi

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Shika gitaa la kawaida. Uzi mnene uko juu, karibu na uso wako, na uzi mwembamba uko chini, karibu na sakafu. Sasa simama mbele ya kioo. Shingo ya gitaa imehamia upande mwingine, mtu wa kwenye kioo ni mashoto, lakini uzi mnene bado uko juu. Kioo hubadilisha kulia na kushoto. Hakigusi juu na chini.

Sasa geuza gitaa hilohilo kwa mikono yako, lishike kimashoto bila kubadilisha nyuzi. Uzi mnene umeshuka chini, mwembamba umepanda juu. Hali hii haitengenezwi na kioo, wala na sahani ya shaba, wala na mtu wa mtandaoni. Inatengenezwa na mtu mmoja tu: mashoto aliyeazima gitaa la mtu wa kulia.

Kwa hiyo:

- Shingo kushoto kwako, uzi mnene juu: huenda ni mashoto mwenye gitaa lililofungwa nyuzi kwa ajili yake, huenda ni kioo. Endelea kuchunguza.
- Shingo kushoto kwako, uzi mnene chini: ala imegeuzwa kwa mikono. Kioo hakihusiki.

Kanuni hii ni ya gitaa la nyuzi sita, yaani karne ya 19 na kuendelea. Magitaa ya kabla ya hapo, ya jozi tano za nyuzi, yalifungwa kwa namna ambayo unene hauwezi kukuongoza. Kwa luti tumia njia nyingine: nyuzi zake zimepangwa jozi jozi, lakini uzi wa sauti ya juu kabisa mara nyingi ni mmoja peke yake. Uzi huo wa upweke unapaswa kuwa upande wa sakafu. Kuza picha, hesabu taratibu kutoka chini. Kama hujawahi kushika luti, tazama kwa makini mpiga udi wa taarabu. Udi ndio mzazi wa luti, na jina lenyewe limetokana na Kiarabu *al-ʿūd*. Utaona besi ziko karibu na kidevu chake.

Mfano mmoja kwa ukamilifu: mwimbaji wa Manet

Mwaka 1860 Édouard Manet alichora mwanamume aliyeketi kwenye benchi akiimba na gitaa, kavaa mavazi ya Kihispania. Mchoro ulionyeshwa Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, mwaka 1861 ukatajwa kwa heshima, na ndio uliomfanya Manet ajulikane. Leo uko Metropolitan Museum mjini New York, namba 49.58.2. Ufungue na uukuze kadiri inavyowezekana.

Mkono wa kushoto unacharaza. Wa kulia uko shingoni.

Je, picha imegeuzwa? Tazama benchi: jina la Manet na mwaka 1860 vimeandikwa hapo na vinasomeka sawasawa. Je, ni chapa? Hapana, ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Sasa nyuzi. Gitaa limefungwa kwa ajili ya mtu wa kulia, na huyu amelishika kinyume.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Mpiga ogani Renaud de Vilbac alipoutembelea mchoro akaliona papo hapo, na Manet akamlalamikia rafiki yake Antonin Proust kwamba mgeni yule hakuona kingine chochote. Tangu hapo wengi wamelihesabu kuwa kosa: mchoraji alikusanya nguo na vyombo, akamketisha mtu, hakujali kama wimbo unaweza kupigwa.

Mimi nalisoma kinyume. Manet alichora alichokiona. Kama angemtunga mtu huyu kichwani, au kunakili kutoka chapa iliyogeuzwa, uzi mnene ungekuwa juu. Kosa hilo ndilo linalotuhakikishia kwamba mbele ya Manet aliketi mtu wa kweli ambaye, alipopewa gitaa, mkono wake wa kushoto ndio uliokwenda kwenye nyuzi. Kama aliweza kupiga vizuri au hapana ni swali jingine. Mashoto wengi tumejifunza kwenye gitaa la kuazima namna hiyohiyo, nyuzi zikiwa juu chini, kwa hiyo siharakishi kusema hawezi.

Hatua ya 5: Jua ala ambazo mkono wa kushoto si habari

Hapa watu wengi hupoteza muda, nami nilipoteza mwingi kwa filimbi.

Leo filimbi ya kunyooka hupigwa mkono wa kushoto ukiwa juu, karibu na mdomo. Ukitazama michoro ya karne ya 15 hadi ya 17 utakuta mkono wa kulia juu mara kwa mara, na utadhani umegundua kundi la mashoto. Polepole. Sebastian Virdung, katika kitabu chake cha ala kilichochapishwa Basel mwaka 1511, anaeleza kwamba mafundi walitoboa matundu mawili ya kidole kidogo cha mkono wa chini, moja kila upande, kwa sababu wapo waliozoea kulia chini na wapo waliozoea kushoto chini. Mnunuzi aliziba kwa nta lile asilolihitaji. Ukipata picha nzuri ya filimbi iliyobaki hadi leo, kuza sehemu ya chini: matundu mawili madogo yaliyolingana, moja likiwa limezibwa. Fundi hakumuuliza mteja ni wa mkono gani, alimpa yote mawili.

Oboe za karne ya 18 ziliendeleza adabu hiyohiyo. Nyingi zina kitufe kidogo kilichorudiwa pande zote mbili, na kitufe kikubwa cha katikati chenye mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu ili kidole cha mkono wowote kiufikie. Baadaye kitufe cha pili kikaachwa, na mpigaji wa kushoto akakosa ala yake. Kwa hiyo kwa filimbi na zumari za zamani, mkono wa chini unakuambia mazoea ya mpigaji tu. Usiandike "mashoto".

Kinubi nacho. Cha leo chenye pedali huegemezwa bega la kulia. Lakini wapiga kinubi wa Ireland na nyanda za juu za Scotland, katika mapokeo ya nyuzi za waya, walikiegemeza bega la kushoto na kupiga sauti za juu kwa mkono wa kushoto. Ndivyo walivyofundishwa wote, mashoto na wasio mashoto.

Baragumu la duara la okestra hubonyezwa kwa mkono wa kushoto kwa sababu kabla ya vali, yaani vitufe vya kubadilishia sauti, kubuniwa mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mdomo wake mpana, ukibadilisha sauti. Tarumbeta zisizo na vali zipite bila kuzijadili.

Hatua ya 6: Uliza mchoraji alitaka nini

Malaika wakipangwa pande mbili za kiti cha enzi, mchoraji huvutiwa kuwafanya walingane, na njia rahisi ni kumgeuza mmoja kwa karatasi ya kunakilia. Ukiona wapigaji wawili wanaofanana kama pacha wakitazamana, mmoja kulia na mwingine kushoto, nusu ya jibu umeshapata.

Misri ya kale ina sheria yake. Mafundi walipendelea sura itazame kulia, na mikono ilipangwa kwa sura hiyo. Sura ilipotakiwa kutazama kushoto, mara nyingi umbo liligeuzwa na mikono ikabadilishana kazi au ikachanganyika kabisa. Msanii alilinda umbo, si desturi ya mpigaji.

Kwenye vyungu vya Wagiriki hali ni tofauti. Mpiga kithara, ala yao ya nyuzi, hushikilia kidonio, kijiti cha kudonolea nyuzi, kwa mkono wa kulia, na vidole vya kushoto vinagusa nyuzi kwa nyuma. Utamwona waziwazi kwenye chungu cha yule anayeitwa Berlin Painter, cha karibu 490 kabla ya Kristo, kilichopo Metropolitan. Desturi hii ni imara kiasi kwamba mpigaji anayeivunja anastahili uchunguzi wa saa nzima.

Hatua ya 7: Andika hukumu yako

Kwa kila picha natengeneza ukurasa mmoja. Juu naandika mchoraji, mwaka, jumba, namba ya hifadhi na aina ya kazi. Chini naandika mkono unaofanya kila kazi, shahidi wa mwelekeo (saini, nota, upanga, kinanda), hali ya nyuzi au matundu, na wapigaji wengine waliomo pichani wameshikaje ala zao. Mwisho naandika moja kati ya maneno manne: *imegeuzwa*, *desturi ya ala*, *haijulikani*, *mashoto*.

Neno la mwisho nalitumia mara chache sana, na ukurasa wa kwanza kulipata ni wa 49.58.2, yule mwimbaji wa Manet. Yule kijana wa kalenda naye ana ukurasa wake. Nimeandika *imegeuzwa*, na picha yake bado iko ukutani, sasa ikiwa imeelekezwa mbele ya kioo.